Siku Saba Kufika Ng'ambo

Kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza habari ileile, na kila mmoja ameshasikia toleo lake. Wengine wameambiwa nilizama, wengine kwamba nilitembea mpaka Bukoba. Nimeona niandike mara moja, kwa mpangilio. Nilikuwa karani wa masijala kwa miaka mingi, na mazoea hayamwachi mtu: nilikuwa na daftari mkononi siku zote saba, kwa hiyo saa ninazozitaja ni za uhakika.

Kwa wasiojua chanzo, ni hiki. Mwaka juzi pikipiki ilinivunja mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Mfupa uliunga vizuri. Lakini nyumba yangu ya Igogo iko juu ya mawe, na anayekuja kwangu hupanda ngazi ambazo nusu yake ni saruji na nusu ni jiwe lilivyoumbwa. Wanangu wawili, Deo aliyeko Dodoma na Modesta wa Mabatini, walifanya kikao bila mimi, wakaamua nihamie kwa Deo kwenye nyumba ya tambarare. Walipokuja kwangu kunieleza, niliwaambia mguu umepona.

"Mama, wewe unasema umepona," Deo alijibu. "Sisi tunaona unachechemea."

Nilimvuta hadi dirishani nikamwonyesha ng'ambo ya ghuba, Kamanga, ambako kivuko hufika kabla chai ya chupa haijapoa. Nikamwambia: "Nitakwenda pale kwa miguu, kwa kuizunguka ghuba yote mpaka daraja la Busisi na kurudi juu upande wa pili. Nikifika, nabaki kwangu na msiniulize tena. Nikipanda chochote njiani, nafungasha vyombo mwenyewe."

Deo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mimi sicheki.

"Chochote chenye gurudumu au kasia," alisema.

"Chochote."

Tukapeana mikono.

Igogo hadi Luchelele

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na begi la mgongoni lililonifanya nionekane kobe. Jirani yangu Mzee Hamisi, fundi wa viti, alikuwa anafungua kibanda chake.

"Mama Deo, unahama?"

"Nakwenda Kamanga."

"Kivuko si kile pale?"

"Napitia Busisi."

Akaweka randa chini. "Kamanga kwa kupitia Busisi! Mgeni wako akiuliza choo kiko wapi, si utamzungushia Shinyanga?"

Nilimsikia akilirudia hilo kwa watu wengine mpaka nilipokata kona.

Mkuyuni, Butimba, Nyegezi: hapo ni mjini na adui yangu alikuwa mmoja, huruma ya vijana wa bodaboda. Kila hatua mia moja, "Mama, twende." Mmoja alinifuata taratibu pembeni karibu dakika kumi. Mwisho akasema, "Sitaki hata nauli, mama. Panda tu, unaniumiza moyo." Nilimshukuru na kumwombea heri, naye akaondoka akitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kuokoa.

Baada ya Nyegezi niliacha lami nikafuata njia za miguu kuelekea ufukweni. Mawe makubwa yanashuka hadi majini, na katikati yake watu wamelima mchicha. Nililala Luchelele kwa mwanakwaya mwenzangu wa zamani. Alinipikia furu wa kukaanga, wale wadogo unaotafuna na mifupa yake. Aliniuliza mara tatu kama nimegombana na watoto.

Luchelele hadi Kigongo

Kipande hiki kilichukua siku mbili, na ndicho kilichonifundisha jinsi mwanamke anayetembea peke yake na daftari anavyoonekana ziwani.

Siku ya pili, kama saa tatu asubuhi, niliona mwalo mdogo mbele yangu: mitumbwi minne, watu labda kumi na watano, moshi, kelele za kawaida za watu wanaogawana samaki. Nilisimama nikaandika mambo mawili matatu. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na mtu. Moshi ulikuwepo. Sufuria ilikuwa inachemka. Ndala moja ilikuwa imebaki mchangani.

Nilifika, nikapiga hodi hewani. Akatokea mwanamume mmoja nyuma ya jiwe, mikono mfukoni, anatazama ziwa kama aliyekuja kupunga upepo.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mnamtafuta nani?"

"Niko peke yangu. Napita tu, nakwenda Kamanga."

"Kamanga iko kule," alisema, akinyoosha kidole kuvuka maji.

"Najua. Nazunguka."

Alinitazama viatu, begi, kisha daftari. "Hicho kitabu ni cha nini, mama?"

Nikampa. Akafungua ukurasa wa siku hiyo akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma hukumu: "Saa mbili na nusu. Mguu unawasha kidogo. Korongo wawili juu ya jiwe. Mmoja amejisaidia." Akasoma tena. Kisha akageukia matete akapaza sauti: "Tokeni! Huyu si wa doria. Wa doria hawaandiki habari za korongo!"

Vichwa viliinuka kutoka kwenye matete kimoja kimoja. Mzee mmoja alitoka ameloa mpaka kifuani, amekasirika, akadai ndala yake. Walichokuwa wamekificha sikukiona na sikukiuliza. Nilipewa sato mzima na ugali wa moto, na tulipokuwa tunakula yule aliyesoma daftari, jina lake Shija, akawasimulia wengine wale korongo kana kwamba alikuwepo.

Nilipoaga, Shija na wenzake wawili walisimama pia.

"Mnakwenda wapi?" niliuliza.

"Tunakusindikiza."

"Nimesema natembea peke yangu."

"Utatembea peke yako," alisema Shija, "sisi tutakuwa pembeni."

Ilikuwa hivyo karibu safari yote iliyobaki. Huku mgeni akiondoka bila kusindikizwa ni aibu ya aliyemlaza, na umbali wa kumsindikiza haupimwi na mgeni. Shija na wenzake walinifikisha kwenye mji wa shangazi yake wakanikabidhi, shangazi akanilisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga na kesho yake akanifikisha kwenye mashamba ya mpunga, huko akanikabidhi kwa mkwewe. Niliwaza kwamba Deo hakulifikiria hili wakati tunapeana mikono. Sharti lilikuwa magurudumu na makasia. Watu hatukuwakataza.

Daraja

Nililala Kigongo, na siku ya nne nikaingia darajani asubuhi, nikiwa peke yangu kweli kwa mara ya kwanza tangu nimkute Shija. Ni refu kuliko linavyoonekana ukiwa ndani ya basi. Ndani ya basi unalimaliza ukiwa bado unatafuta simu upige picha. Kwa miguu unapata muda wa kufikiri, na upepo unakusukuma begi kama mtoto anayetaka kubebwa.

Lori moja la mchanga lilipunguza mwendo kando yangu. Dereva akachungulia. "Shikamoo mama! Panda, daraja refu hili."

"Marahaba. Nimeahidi kutembea."

"Umemwahidi nani, Mungu?"

"Mwanangu."

"Basi Mungu hajui. Panda!"

Nilicheka, lakini niseme ukweli, pale katikati ya daraja mguu ulikuwa umeanza kuuma kutoka ndani kwenye mfupa, na mlango wa lori ulikuwa wazi. Nilihesabu nguzo za taa mpaka lori lilipotoweka. Nilipofika kilele cha daraja nilisimama, maji kushoto na kulia, mitumbwi midogo kama mbegu za tikiti. Nilikuwa nimefika nusu ya safari. Kutoka hapo kila hatua ilikuwa ya kurudi nyumbani.

Busisi nilipokelewa na Mama Kulwa, mama lishe. Nilimkuta kando ya tuta la barabarani ameshika sahani ya samaki juu ya kichwa chake. Aliniambia zamani, kabla ya daraja, alikuwa anauzia kule kwenye foleni ya kivuko. "Watu walikuwa wanasubiri mpaka wanakula kwa hasira. Sasa wanapita kama wanafukuzwa. Nikahamia kwenye tuta. Gari likinyanyua matairi ya mbele, nami nanyanyua sahani."

Aliuona mguu wangu umevimba, akanikalisha, akaleta beseni la maji moto yenye chumvi. Alikanda bila kuniuliza.

"Mguu huu unaudai nini, mama?"

Nikamweleza habari ya nyumba.

"Dodoma kuna ziwa?"

"Hakuna."

"Basi lala hapa, kesho utembee."

Busisi hadi kwa Mabula

Upande wa magharibi njia ni ya mihogo. Mashamba ya mihogo, mihogo iliyoanikwa juu ya mawe, na jioni ugali wa udaga mweusi unaovutika. Siku ya tano nilitembea kwa kupumzika kila saa moja, na mguu ukanitii. Jioni nilifika kwenye mji wa Mabula, mvuvi, na mkewe Kabula, kwenye ukingo wa hori moja linaloingia ndani ya nchi kavu kama kidole. Mwalo uliofuata ulikuwa ng'ambo ya hori hilo. Tuliona hata mabati ya nyumba zake.

Asubuhi Mabula alikuwa anavuka na mtumbwi wake. Nikasema mimi nitazunguka. Kabula alidhani ninaogopa maji. Nikamweleza sharti langu. Akafikiri.

"Sharti ni lako au la begi?"

"Langu."

"Basi begi litavuka. Mgeni akitoka hapa amejitwika mzigo wake, watu watasemaje?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijua kumkatalia ni kumvunjia heshima, na mabega yangu yalikuwa upande wake. Nikampa Mabula begi. Ndani ya begi mlikuwa na kila kitu, pamoja na simu. Nikabaki na daftari, chupa ya maji na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yaliyofungwa kwenye karatasi.

Kabula alinisindikiza mpaka mahali hori linapoishia kwenye mafunjo. Kisha akanionyesha njia ya ng'ombe inayopanda korongo.

Korongoni

Ni korongo la mto wa masika. Wakati wa kiangazi unabaki mchanga mweupe chini, na kuta za udongo mwekundu pande zote mbili, ndefu kuliko nyumba. Kwenye kuta ndege wametoboa matundu mamia, wanaingia na kutoka kama watu kwenye ofisi. Hakuna upepo. Ukikohoa, korongo linakukoholea.

Kabula alikuwa ameniambia nitatumia saa mbili. Nilitumia saa sita. Mchanga unavuta miguu chini, na mahali pawili mvua ilikuwa imekula njia, ikabidi nipande kwa kushika mizizi. Mara ya pili mguu wa kushoto ndio uliokuwa juu, na uzito wangu wote ulikuwa juu yake. Nilibaki hivyo kidogo, uso kwenye udongo, nikisikiliza kama kitu kitalia ndani ya mfupa. Hakikulia. Nikajivuta.

Niliketi juu ya ukingo nikala matobolwa yote. Nilicheka peke yangu kwa sauti, mwanamke mzima aliyejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Kwa saa hizo zote hapakuwa na aliyenisindikiza wala aliyenionea huruma, na mguu ulikuwa umenibeba. Niliandika kwenye daftari: "Saa saba na nusu. Umepona."

Mwaloni

Nilishuka upande wa pili saa tisa alasiri. Nilitegemea kukuta watu wanaanua dagaa. Nilikuta dagaa wamebaki wenyewe juani na kijiji kizima kimesimama ukingoni mwa maji. Mitumbwi mitatu ilikuwa ndani ya mafunjo, vijana wanachoma maji kwa upondo. Wanawake wawili walikuwa wameweka mikono kichwani. Na katikati ya watu, juu ya kiti cha plastiki, lilikuwa limekalishwa begi langu, limefunikwa kanga.

Nilimgusa bega mama mmoja. "Dada, kumetokea nini?"

"Kuna mama amezama," alisema bila kugeuka. "Mgeni. Begi limevuka, mwenyewe hajavuka."

"Begi hilo ni langu."

Aligeuka. Alipiga ukelele ambao nadhani Igogo mliusikia.

Mabula alikuwa ameliacha begi pale asubuhi, akasema mwenyewe anakuja, akaenda zake kutega nyavu. Kutoka kwa Mabula watu wote huja kwa mtumbwi, basi walisubiri mtumbwi. Saa sita upepo ukachafuka. Mtumbwi haukuja. Wakaingia majini.

Mwanamke mrefu aliyefunga kanga kiunoni alikuja mbele yangu. Alikuwa Minza, mwenyekiti wa mwalo.

"Wewe ndiye mwenye begi?"

"Ni mimi."

"Na hukuzama?"

"Sikuzama. Nimekuja kwa miguu."

"Umepita wapi?"

"Korongoni."

"Korongoni hupita ng'ombe!"

"Niliona mavi yao," nilisema.

Kijana mmoja ndani ya mtumbwi akaangua kicheko, akashindwa kushika upondo, na mwalo wote ukafuata. Minza peke yake hakucheka. "Vijana wangu wamekaa majini toka saa sita," alisema. "Na simu yako imelia mpaka nikaipokea. Alikuwa mwanao. Nimemwambia tunakutafuta majini."

Nilimpigia Deo. Alikuwa ameshafika Mwanza tangu jana yake kuja kunipokea. Nikaomba radhi. Kisha akasema, "Mama, inatosha. Nachukua gari nakuja hapo ulipo. Imeishia hapo."

"Deo, imebaki siku moja."

"Imeishia hapo!"

Minza alininyang'anya simu. "Baba, mimi ni mwenyekiti hapa. Gari lako lisije. Mama yako leo amepanda korongo ambalo wewe hutaliweza. Tumeacha samaki tukamtafuta, kwa hiyo sasa na sisi tuna haki naye. Kesho tutamleta Kamanga kwa miguu yake. Wewe simama pale umpokee." Akakata. Akanigeukia. "Haya. Wewe njoo tuanue dagaa, umetupotezea mchana."

Nilianua dagaa nao mpaka jua likazama, huku nikiwasimulia habari ya mguu na nyumba. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa furaha kuliko zote maishani.

Kamanga

Siku ya saba tuliondoka watu sita. Minza alikataa nibebe begi, nami nilikataa litangulie, tukakubaliana alibebe yeye, hatua tatu nyuma yangu. Kila mji tuliopita walikuwa wameshasikia habari ya aliyezama akarudi na udongo usoni, na kila mji ulituongezea watu. Wanawake walianza kuimba. Bodaboda walitupita bila kuniambia nipande, wakapiga honi kama kwenye harusi. Nilihesabu watu tulipoyaona mapaa ya Kamanga: ishirini na watatu, na mbwa mmoja.

Deo alikuwa amesimama karibu na gati. Aliona umati ukija na nyimbo, akaweka mkono kifuani. Nilipotokea mbele hakunikumbatia. Aliinama akatazama miguu yangu yote miwili, muda mrefu, kisha akasema, "Shikamoo mama," kama tumekutana siku hiyo.

"Marahaba, baba."

Minza alimkabidhi begi. "Wewe ndiye unayemhamisha?"

"Ilikuwa mazungumzo tu, mama."

"Mguu wa mama yako uko sawa," alisema Minza, akimtazama tumbo. "Wewe je, huo mwili unaufanyia nini?"

Watu ishirini na watatu walicheka, na Deo naye ikabidi acheke. Tuliagana hapo. Minza hakukubali nimshukuru. Alisema nikirudi nipite majini kama watu.

Nilitembea mwenyewe mpaka ukingoni mwa gati, nikaweka mguu wa kushoto kwenye chuma cha kivuko. Nilikuwa nimefika, na kupanda sasa ilikuwa halali. Kijana aliniachia kiti, nikakikalia bila aibu yoyote.

Tulipofika katikati ya maji, mawe ya Igogo yakianza kuonekana, Deo alijitenga kidogo akampigia dada yake. Upepo ulikuwa unanijia kutoka kwake, nikasikia kila neno.

"Modesta, ameweza. Ndiyo, yote. Mwambie yule mpangaji atafute kwingine."

"Mpangaji gani, Deo?" niliuliza.

Deo aliteremsha simu, akaanza kuangalia ndege. Nilinyoosha mkono, akanipa simu bila ubishi.

"Modesta," nilisema, "mwambie nyumba ina mwenyewe. Na mwenyewe yuko njiani."